Kuwinda aligeta Florida na Louisiana ukiwa na mwongozaji: kamba kwanza, mengine baadae

Watu wengi wakisikia kuwinda aligeta, yule ndugu wa mamba wa Marekani, wanawaza bunduki. Yani unakaa kwenye boti, unamwona mnyama pale, unalenga, unapiga, mnaenda kumbeba. Kwa Florida kwenye maji ya umma haiko hivyo kabisa, na ukienda na hiyo picha kichwani utalipa hela nyingi alafu ujikute saa nane usiku umeshikishwa fimbo ya kuvulia na hujui ufanye nini. Aligeta akifa majini anazama kama gogo bichi. Akijeruhiwa tu ndo mbaya zaidi, anazama na kwenda kufia kwenye matope chini ambako hakuna mtu atamwona tena. Ndo maana sheria ya Florida inataka mnyama kwanza awe kwenye kamba, na hiyo kamba iko mkononi mwako au imefungwa kwenye boti, ndo umalizie. Hili ukilielewa vizuri utaelewa kila kitu kingine, kwanini mwongozaji anabeba vitu anavyobeba, kwanini anakukatalia kurusha chusa, kwanini mnakaa dakika arobaini mnaangalia mapovu.

Nimepanda hizi boti misimu minne sasa, mara tatu Florida na mara moja Louisiana, na naandika hapa kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananiuliza maswali yaleyale na naona bora yakae sehemu moja.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Aligeta sio mamba tuliyemzoea. Pua yake ni pana na ya mviringo kama koleo, na akifunga mdomo meno ya chini hayaonekani. Mamba pua yake ni nyembamba na lile jino la nne la chini linabaki nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Sasa Florida ya kusini ndo sehemu ambayo hawa wawili wanaishi pamoja, na yule mamba wa pale analindwa na sheria, haguswi. Mwongozaji anayejua kazi atakuonyesha tofauti kabla hamjawasha injini. Asipokuonyesha muulize.

Aligeta nae aliwahi kuwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, mwaka 1967, mpaka 1987 ndo serikali ya Marekani ikatangaza kwamba amerudi vizuri. Leo Florida peke yake inakadiriwa ana zaidi ya milioni moja, wapo kwenye kaunti zote 67, na Louisiana wanakaribia milioni mbili wa porini. Lakini hizo tegi (lebo za jimbo zinazofungwa kwenye mkia wa mnyama) na makaratasi yote utakayokutana nayo yanatokana na ile historia, na pia na mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya ngozi, maana ngozi ya aligeta inafanana sana na ya ndugu zake ambao bado wako hatarini. Kwahiyo mtu akikwambia "tegi tutaangalia baadae" we shuka kwenye hiyo boti.

FLORIDA AU LOUISIANA

Hapa ndo pa kuamua mapema kwa sababu ni safari mbili tofauti kabisa.

Florida msimu wa umma unaanza Agosti 15 mpaka Novemba 1. Wiki nne za mwanzo zinagawanywa, kila kibali kina wiki yake na eneo lake la maji, na ukibakiwa na tegi kuna muda mwishoni wa kuzimalizia. Vibali vinatolewa kwa bahati nasibu na tume ya wanyamapori ya jimbo, inaitwa FWC, maombi yanaanza mwezi wa tano hivi. Ukipata kibali unapewa tegi mbili, maana yake aligeta wawili. Uwindaji mara nyingi ni usiku, na kama nilivyosema ni wa kamba: chusa, upinde wenye mshale uliofungwa kamba, ndoana kubwa ya kunasia, kitanzi. Bunduki ya kawaida hairuhusiwi kwenye maji ya umma, cha kumalizia ni ile fimbo ya risasi, nitaieleza mbele.

Louisiana ni mchana. Msimu wa ukanda wa mashariki unafunguliwa Jumatano ya mwisho ya Agosti, na wa magharibi Jumatano ya kwanza ya Septemba, kila ukanda siku 60. Kule ndoana yenye chambo inaruhusiwa, na bunduki inaruhusiwa, na tegi nyingi wanapewa wenye ardhi kulingana na ukubwa na ubora wa kinamasi chao. Kwahiyo kule unaenda na mtu ambaye tayari ana tegi za ardhi fulani. Kwa mtu anayeanza, asiyependa kukesha, mwenye mgongo mbovu, mimi nitamwambia aende Louisiana. Kwa mtu anayetaka kumsikia mnyama kwenye mikono yake, Florida.

Kuna njia ya tatu, Florida kwenye ardhi binafsi. Mwenye ranchi anapewa tegi zake baada ya wataalamu kukadiria wanyama walio kwenye eneo lake, na huko masharti ya msimu na silaha ni mengine, unaweza kwenda hata Machi. Waongozaji wengi wanauza hizi kwa sababu hazitegemei bahati nasibu. Bei yake inapangwa kwa urefu wa mnyama, wa futi 7 ni bei ya kawaida, ukivuka futi 10 inapanda, ukivuka 12 inaruka mara kadhaa. Sio mbaya, ila ujue unalipia nini. Georgia, South Carolina, Mississippi, Alabama, Texas na Arkansas nako kuna misimu yao lakini sijawinda huko kwahiyo nawaachia waliowinda.

KARATASI

Hiki kipande kinachosha lakini ndo kinachowaponza wageni wengi kuliko meno.

Florida ukitaka kuwa mwenye kibali mwenyewe, mkazi wa jimbo analipa dola 272 na asiye mkazi dola 1,022, hiyo ni leseni pamoja na tegi zake mbili. Ndo maana wageni wengi wanaenda kama wasaidizi. Leseni ya msaidizi inagharimu dola hamsini na kidogo, haijalishi unatoka wapi, na inakuruhusu kushiriki kabisa, kurusha chusa, kuvuta, hata kumalizia. Sharti lake ni kwamba mwenye kibali lazima awepo pale pale. Sio yuko nyumbani amekupa tegi mfukoni. Mwaka wangu wa pili nilimlipa advansi mwongozaji mmoja, tumefika kwenye rampu ya boti (ule mteremko wa kushushia boti majini) jioni ananiambia mwenye tegi ni shemeji yake na hajisikii vizuri, leo haji. Nikakataa kupanda. Hela sikurudishiwa yote, na sijutii, kwa sababu maafisa wa wanyamapori huwaga wanasubiri kwenye rampu hizohizo saa kumi alfajiri na wangetukuta na mnyama ambaye kisheria hana mwenyewe.

Kama wewe sio raia na upo Marekani kwa visa ya matembezi, swala la silaha lina sheria zake za serikali kuu, kwa kawaida mgeni haruhusiwi kushika silaha ya moto isipokuwa anaangukia kwenye msamaha fulani, na leseni halali ya kuwinda ni mmojawapo. Usibahatishe. Mweleze mwongozaji hali yako ya visa wakati wa kubuku, sio usiku ule, na mkubaliane kabisa nani atashika fimbo ya risasi.

KUMPATA MWONGOZAJI

Picha za wanyama wakubwa kwenye ukurasa wake zisikubabaishe sana, kila mtu ana picha. Mpigie simu. Akiwa mtu wa kukimbilia bei tu na hana muda wa kuongea dakika kumi, basi hata kwenye boti hatakuwa na muda wa kukufundisha. Mimi huwa namuuliza tegi ni za nani na za eneo gani. Namuuliza usiku huo tutakuwa wangapi, maana boti ya futi 18 watu wanne na aligeta wa futi 11 ni msongamano wa hatari. Namuuliza hela inajumuisha nini, kuna wanaojumuisha kuchuna na kufunga nyama na kuna wanaokuachia mzoga kwenye lami saa kumi na moja asubuhi na jua linakuja. Alafu swali langu la mwisho ndo ninalolipenda: mara ya mwisho ulimpoteza mnyama aliyejeruhiwa lini, na ulifanya nini? Anayesema hajawahi, simwamini. Anayekusimulia jinsi walivyotafuta mpaka kumekucha, huyo namlipa.

Pia muulize mvua ikija inakuwaje. Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga na radi za jioni, na boti ya bati katikati ya ziwa tambarare sio pa kukaa radi ikipiga. Mwongozaji mzuri ana utaratibu wa kuahirisha bila kukukata hela. Na utenge bakshishi, kwa kule asilimia 15 mpaka 20 ndo mazoea ya watu wengi, mpe mkononi mkimaliza.

Ukishabuku fanya mazoezi ya vitu viwili. Cha kwanza kurusha ndoana kwa fimbo nzito ya baharini, nenda hata uwanjani, weka ndoo mita ishirini, urushe kupita ndoo alafu uvute polepole juu yake. Cha pili mikono na mgongo. Kuvuta aligeta kwa kamba ni kama kuvuta gari lililozama kwenye matope ambalo kila baada ya dakika linaamua kurudi nyuma.

Mavazi ni suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu, viatu vilivyofungwa vyenye soli isiyoteleza, sandozi hapana. Dawa ya mbu ya kutosha, mbu wa kule usiku hawana huruma. Glovu za kazi kwa ajili ya kamba. Tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu ili usiwapofushe wenzako. Maji mengi kuliko unavyodhani. Laifu jaketi ivae, usiikalie. Vitu vingine vyote mwongozaji anavyo.

USIKU WENYEWE (FLORIDA)

Mnaingia majini jua likizama. Ziwa kama Okeechobee, Kissimmee au George ni kubwa, na mto St. Johns una kona nyingi, kwahiyo sehemu kubwa ya usiku ni kutembea polepole mnamulika. Macho ya aligeta yakipigwa na tochi yanawaka mekundu kama kaa la moto, na mara ya kwanza utashtuka jinsi yalivyo mengi, unadhani ni taa za kijiji ng'ambo ya maji. Sio yote ni ya kufuata. Macho yaliyokaribiana ni wadogo. Mkikaribia, mwongozaji anatazama umbali kutoka machoni mpaka matundu ya pua, na kila inchi moja hapo ni futi moja ya urefu wa mnyama mzima. Inchi 8, huyo ni wa futi 8 hivi. Inchi 11, kaa kimya kabisa. Na anayezidi futi 10 karibu kila mara ni dume, jike kufika hapo ni nadra.

Kama mnasikia sauti ndogondogo kama vifaranga, mwik mwik, kwenye majani, hapo kuna mama na watoto walioanguliwa juzijuzi, geuzeni boti. Hakuna sheria ninayoitaja hapa, ni kwamba mimi siwezi, na mwongozaji yeyote niliyemheshimu hakuwahi kunilazimisha.

Mkishamchagua, injini kubwa inazimwa, mnaenda na ile mota ndogo ya umeme isiyo na kelele. Mwanga unabaki machoni mwake muda wote, ukiukosesha hata sekunde mbili anazama. Usisimame ghafla. Usigonge ubavu wa boti. Kuongea ni kwa kunong'ona na bora usiongee. Hapa kuna mambo mawili yanaweza kutokea.

La kwanza, anawaacha mnafika. Basi ni chusa au upinde. Chusa lake lina ncha inayochomoka kwenye mti na kubaki mwilini, na ncha hiyo imefungwa kamba inayokwenda kwenye boya. Usilenge mgongo, mgongo una mifupa chini ya ngozi na chusa litateleza kama umepiga bati. Lenga ubavu wa shingo, ile sehemu laini kati ya mstari wa magamba na tumbo. Na usirushe kama mkuki wa kwenye sinema, mara nyingi unasukuma tu kwa nguvu ya mwili ukiwa juu yake, umbali wa mkono mmoja na nusu. Mwongozaji akisema "bado", ni bado. Ukirusha mbali ukampata pembeni ndo unamtengeneza yule mnyama wa kwenda kufia kwenye matope.

La pili, na ndo linalotokea mara nyingi, anazama kabla. Hapo wageni wanakata tamaa, kumbe ndo kazi inaanza. Aligeta akitembea chini anaacha mstari wa mapovu juu, na kwenye maji ya kina kifupi tope linafuka kama moshi. Mnamfuata. Anaweza kutulia chini muda mrefu sana, akiwa ametulia hata saa nzima. Unarusha ile ndoana ya ncha tatu kupita pale mapovu yalipoishia, unaiacha ishuke mpaka chini, alafu unavuta taratibu. Kuna kugusa jiwe, kuna kugusa gogo, kuna kugusa majani, na kuna kugusa kitu ambacho ni kigumu lakini kinakubali kidogo, kama kuvuta godoro lililolowa. Ukihisi hiyo hali vuta kwa nguvu zako zote mara moja. Kisha fimbo inainama na kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi kinaanza kulia, na boti nzima, watu wanne na injini, inaanza kwenda upande ambao hamkuuchagua.

Sasa sikiliza vizuri kipande hiki. Miguu yako iko wapi? Mwaka wa kwanza mwenzangu alikuwa amesimama ndani ya mkunjo wa kamba ya chusa, hakujua, wote tulikuwa tunaangalia maji. Mnyama alipokimbia kamba ikaanza kutoka kwenye boti kwa kasi ya kutisha na mkunjo ukapanda kwenye kifundo cha mguu wake. Mwongozaji alikuwa na kisu begani, akakata kamba kabla haijakaza. Tulipoteza chusa na ncha, na kilichobaki kwa mwenzetu ni alama nyekundu kwenye soksi. Toka siku hiyo kila nikipanda boti kitu cha kwanza naangalia kamba zimekunjwa wapi na ziko kwenye ndoo au la. Zikiwa zimelala sakafuni naomba ziwekwe kwenye ndoo kabla hatujaondoka.

Ndoana moja haitoshi. Akishashikwa na mshipi, lengo lenu linalofuata ni kumwekea kamba ya pili, kwa kawaida chusa, kwa sababu akizungukazunguka mshipi unakatika au ndoana inachomoka. Msimlazimishe juu. Muacheni avute boti, achoke, apande mwenyewe kupumua, na akitoa kichwa chusa linaingia. Dakika ishirini kwa wa futi 8, na wa futi 11 niliyewahi kusaidia alituchukua karibu saa mbili.

Akiwa kwenye kamba mbili na amechoka, mnamleta ubavuni. Hapo fimbo ya risasi inatoka. Ni fimbo yenye chemba ya risasi moja mwishoni, mara nyingi risasi ya ukubwa wa .44 au .357, inafyatuka ikigongwa kwenye kitu kigumu. Inapigwa nyuma tu ya fuvu, pale katikati ambapo lile bamba gumu la kichwa linaishia na shingo inaanza, sehemu ndogo kama sarafu kubwa, na imeinamishwa mbele kuelekea puani ili iufikie ubongo. Kichwa kinawekwa chini kidogo ya maji wakati wa kupiga ili vipande visiruke usoni kwa watu. Mtu mmoja tu anaishika, wote wengine wako nyuma yake, na pini ya usalama haitolewi mpaka mwongozaji aseme. Kama mikono yako inatetemeka, mwambie, mpe yeye. Hakuna aibu yoyote, na mnyama anastahili pigo moja tu.

Na bado hajaingia kwenye boti. Aligeta aliyekufa anaendelea kutikisika, na wapo waliodhaniwa wamekufa wakaamka katikati ya miguu ya watu. Mdomo unafungwa kwanza, mtu anakandamiza taya kutoka juu, wa pili anazungusha tepu nyeusi ya umeme mizunguko mingi, sio miwili. Misuli ya kufunga mdomo ina nguvu za kutisha lakini ya kuufungua ni dhaifu, ndo maana tepu inatosha. Kisha uti wa mgongo unakatwa kwa kisu nyuma ya fuvu. Baada ya hapo tu ndo mnamvuta ndani, wote upande mmoja kwa tahadhari, boti isije ikabinuka.

Alafu tegi, hapohapo, kabla ya picha. Unatoboa mkia kwa kisu ndani ya inchi 6 kutoka nchani, unapitisha tegi, unaifunga mpaka isikike tak. Ripoti kwa FWC inatakiwa ndani ya saa 24, waongozaji wengi wanaijaza kwenye simu wakiwa bado rampu. Picha zipigwe baadae, na mkimsafisha damu kidogo kabla ya kupiga mtakuwa mmemfanyia heshima.

LOUISIANA KWA KIFUPI

Kule kazi inaanza jana yake. Mwongozaji anachomeka mti mrefu ukingoni, anafunga kamba nene yenye ndoana kubwa na chambo, mara nyingi paja la kuku lililoachwa juani mpaka linuke, na chambo kinaning'inia juu ya maji. Ule urefu kutoka kwenye maji ndo ujanja wenyewe, ukikishusha karibu na maji wadogo watakula, ukikipandisha futi moja na nusu au mbili wanaofika ni wakubwa tu. Asubuhi mnazungukia kamba zote, na lazima zikaguliwe kila siku. Kamba iliyoning'inia haina kitu. Kamba iliyozama na kukaza, unaishika kwa glovu, unavuta kwa upole, na unamsikia chini. Anapandishwa juu polepole na mpigaji anapiga risasi moja, wengi wanatumia .22 tu, palepale nyuma ya fuvu. Ni haraka kuliko Florida na wengine wanasema sio uwindaji. Mimi nilikaa na mzee mmoja kule kinamasini ambaye alikuwa anajua kila kamba yake ingekuwa na mnyama gani kutokana na nyasi zilivyolala, na sikuona cha kumdharau.

BAADA YA HAPO

Joto ni adui. Agosti kule hata usiku ni moto, na mzoga ukikaa masaa mengi nyama inaharibika na magamba ya tumbo yanaanza kubanduka, ngozi imekufa thamani. Barafu, mifuko mingi, tumboni na mgongoni, na moja kwa moja kwa mchunaji. Mwambie kabla hajaweka kisu unataka ngozi ya namna gani, ya tumbo au ya mgongo, kwa sababu anachana sehemu tofauti na akishachana hakuna kurudi. Ikishatoka inakwanguliwa mafuta na nyama yote, inapakwa chumvi laini kwa wingi, yani izame kwenye chumvi, inakunjwa na kuwekwa baridini. Kiwandani kwa mtengeneza ngozi itakaa miezi, kwahiyo usiulizie kila wiki. Tegi inabaki kwenye ngozi muda wote huo.

Nyama nzuri ni ya mkia, nyeupe, na ile ya mashavuni ambayo wenyeji wanaigombania. Toa mafuta yote, kila kipande cheupe au cha manjano, yale ndo yanaleta ile harufu ya tope watu wanayoilalamikia. Wa futi 6 mpaka 8 ni laini zaidi kuliko jitu la futi 12. Yule mkubwa aliyewindwa Alabama mwaka 2014, wa futi 15 na inchi 9 na paundi 1,011.5, karibu kilo 459, watu wanapenda kumtaja kila wakipanga safari, lakini kwa friza yangu mimi nachagua wa futi 7.

Kama unaishi nje ya Marekani na unataka ngozi au fuvu likufuate nyumbani, unahitaji kibali cha CITES cha kutoa nje, kinaombwa kwa idara ya samaki na wanyamapori ya serikali kuu, na nchi yako nayo inaweza kutaka chake cha kuingiza. Anza kuulizia hilo siku unayobuku safari, maana nimemwona mtu ameacha fuvu zuri sana la aligeta wa futi 10 kwa mwongozaji kwa sababu ndege yake ilikuwa kesho na kibali hakikuwepo. Bado liko kwenye rafu ya gereji pale, na mwenyewe ameshaambiwa likipata kibali litatumwa.